Okidi za chupa: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maabara yetu ni ndogo. Kuna chumba cha kupikia chakula cha mimea, chumba cha kukatia na chumba cha kukuzia chenye rafu na taa. Kinachotulisha ni miche ya migomba. Okidi, jamii ya mimea ya maua, zilianza kama rafu moja ya pembeni, na siku hizi wanaokuja kuchukua migomba ndizo wanazozishangaa. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu ambayo huwa nayatoa nikiwa nimesimama mlangoni, maana ndani hatumwingizi mtu na viatu vyake.

Njia ya chupa ni nini hasa?

Ni kuotesha mbegu au kipande cha mmea ndani ya chombo kilichofungwa, kisicho na kijidudu chochote, juu ya chakula kilichogandishwa kama jeli. Wengine wanaiita miche ya tishu, ni kitu hichohicho. Wazo lake ni la zamani. Mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt wa Austria aliandika kwamba seli moja ya mmea ingeweza kulelewa hadi iwe mmea mzima. Alijaribu mwenyewe; seli zake ziliishi, zikanenepa, lakini hazikugawanyika hata moja. Ilichukua miongo kadhaa kabla ya wengine kumthibitisha.

Kwa nini nisimwage tu mbegu za okidi kitaluni kama za mchicha?

Kwa sababu mbegu ya okidi haina akiba. Haragwe huondoka kwa mama yake limefungiwa chakula cha njiani. Mbegu ya okidi huondoka mikono mitupu: ni kiinitete cha seli chache tu ndani ya ganda jembamba kama utando. Pasua tunda lililokauka juu ya karatasi nyeusi utaona vumbi la rangi ya krimu. Usiongee wakati huo, pumzi yako inatosha kulipeperusha lote. Tunda moja hubeba maelfu kwa maelfu ya mbegu, na kwa aina fulani hufika mamilioni. Karibu zote hufa.

Inayobahatika huangukia mahali penye kuvu inayopatana nayo. Kuvu hujipenyeza ndani, na mbegu badala ya kuoza hunyonya sukari kupitia nyuzi za huyo mgeni. Mfaransa Noël Bernard aliligundua jambo hili mwaka 1899. Baada yake wataalamu waliamini kwamba bila kuvu hakuna okidi, mpaka mwaka 1922 Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alipoonyesha kwamba mbegu ikiwekwa juu ya aga (jeli inayotokana na mwani) yenye sukari na chumvi chache huota bila kuvu yoyote. Kuvu ilikuwa mpishi tu. Knudson alileta chakula kilichokwisha kuiva.

Mwaka 1928 Eric Holttum akaanza kuitumia njia hiyo katika bustani ya mimea ya Singapore, na ndipo ilipoanzia sifa ya nchi ile kwa maua haya.

Basi kuvu haina kazi tena?

Kwa okidi zinazokaa juu ya miti, maabara inaweza kuiacha nje. Kwa okidi za ardhini ni habari nyingine, nitaifikia kwenye swali la kikande, yaani viazi vyake.

Hicho chakula kina nini ndani yake?

Vitu ambavyo mkulima yeyote anavijua kwa majina mengine. Mchanganyiko wa Knudson uitwao C, wa mwaka 1946, kwa lita moja ya maji una gramu 1 ya kalsiamu naitreti, nusu gramu ya amonia salfeti (ndiyo mbolea ya SA ya dukani, ila safi zaidi), robo gramu ya potasiamu fosfeti, robo gramu ya magnesiamu salfeti, chembe za chuma na manganizi, na gramu 20 za sukari. Halafu aga ya kugandisha. Uchachu (pH) tunaurekebisha uwe kati ya 5.2 na 5.8, namba ikishuka sana jeli haigandi, unabaki na uji.

Maabara nyingi hutumia pia mchanganyiko wa Murashige na Skoog wa mwaka 1962. Huo ulitengenezwa kwa ajili ya tumbaku, mmea mlafi. Okidi si walaji wakubwa, kwa hiyo sisi hupunguza chumvi zake kwa nusu.

Kinachowachekesha wageni ni dafu. Tunaweka mililita 100 hadi 150 za maji ya dafu kwa kila lita, kwa sababu yana sitokinini, homoni inayochochea seli kugawanyika. Ni dafu, si nazi iliyokomaa. Kijana mmoja wa mafunzo alitumwa sokoni akarudi na madafu kumi wakati tulihitaji mawili. Hayo mengine hayakukosa wanywaji. Miche ikikaribia kutoa mizizi tunaipa pia ndizi mbivu iliyopondwa na mkaa maalumu uliosagwa laini. Mkaa hunyonya utomvu mweusi ambao mmea huutoa unapojeruhiwa, utomvu ambao ukiachwa huusumisha mmea wenyewe.

Naweza kufanya jikoni kwangu?

Kwa mbegu, ndiyo. Kwa vipande vya mmea, nakushauri uanze na mbegu.

Kuna mambo matatu ya kupanga. La kwanza ni joto. Chakula na chupa vinatakiwa kufika nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20, na maji yanayochemka kwenye sufuria ya kawaida hayafiki huko hata ukikesha. Unahitaji sufuria ya presha inayofika paundi 15, na nyingi za nyumbani hazifiki, soma maelezo yake. Hata ikifika, mwinuko una neno. Dar es Salaam paundi 15 zinakupa nyuzi 121. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, sufuria ileile kwa paundi zilezile inakupa takriban 117. Mtu wa nyanda za juu aongeze muda, la sivyo atamlaumu aliyemuuzia aga.

La pili ni hewa. Sisi tuna kabati linalopuliza hewa iliyochujwa. Nyumbani chukua sanduku la plastiki linaloona ndani, toboa matundu mawili ya mikono, futa kila upande kwa spiriti, funga madirisha, zima feni, subiri nusu saa vumbi litulie. Nimeona chupa safi kabisa zilizotoka kwenye sanduku la namna hiyo.

La tatu ni mikono yako, na hilo halinunuliwi.

Tunda bichi au mbegu kavu, kipi bora?

Bichi. Tunda ambalo halijapasuka ni safi ndani kama yai, kwa hiyo unasafisha ganda tu. Kwa Phalaenopsis, zile zenye maua mapana zinazouzwa mahotelini, tunakata tunda likiwa na miezi minne hadi mitano tangu kuchavushwa. Tunalisugua kwa sabuni na mswaki laini hasa kwenye mifereji yake, tunaliloweka dakika 20 kwenye jiki, kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne, tunalisuuza vizuri, ndipo linaingia kabatini. Humo ndani linachovywa kwenye spiriti na kupitishwa kwenye mwali mara moja, moto unazimika wenyewe. Usiruke kusuuza, jiki na spiriti havichanganywi. Na chombo cha spiriti kikae mbali na mwali. Mwenzetu mmoja alibaki na nyusi nusu.

Kisha unalipasua kwa urefu. Ndani mbegu zimejipanga kama pamba iliyolowa, nyeupe, zinanata kwenye ncha ya kisu. Chukua kiasi cha punje ya mchele, zisambaze juu ya jeli, funga. Hapo ndipo wengi hukosea, hujaza. Mbegu zikibanana, miche hunyang'anyana chakula na yote hudumaa.

Mbegu kavu nayo huota, lakini lazima uisafishe yenyewe kwa jiki hafifu, na jiki haijui ipi ni mbegu na ipi ni ukungu.

Chupa yangu imeota ukungu. Naweza kuiokoa?

Hapana. Usiifungue hata kuichungulia. Ipike tena kwa presha ikiwa imefungwa hivyohivyo, ndipo umwage.

Chenye faida ni kujua ukungu ulikotoka. Manyoya ya ukungu yakijitokeza siku ya tatu katikati ya jeli, mbali na mmea, ni hewa au mikono. Utando wa maziwamaziwa unaoanzia kwenye kipande chenyewe ni bakteria walioingia na mmea. Na ukungu unaoanzia ukingoni mwa kifuniko baada ya wiki kadhaa, tafuta wadudu.

Hilo la mwisho tulilipia ada. Mwaka mmoja chupa za rafu ya chini zilianza kuharibika moja baada ya nyingine, kwa mstari. Tulibadilisha jiki, tukabadilisha glavu, tukagombana. Jioni moja umeme ulikatika, nikapita na tochi, nikaona sisimizi wembamba wamejipanga kuelekea kwenye vifuniko. Sukari iliwaita, na miguuni wamebeba mbegu za ukungu. Tangu siku hiyo kila mguu wa rafu umesimama kwenye kikopo cha mafuta machafu.

Miche ya mbegu na ya vipande inatofautianaje?

Mbegu ni watoto wa baba na mama, kila mmoja na sura yake. Kipande ni mmea uleule umerudiwa. Aliyefungua njia hii ni Mfaransa Georges Morel, mwaka 1960, kwa okidi za Cymbidium. Alichukua ncha changa kabisa ya chipukizi, kitu kisichofika milimita moja, akaona inatoa viduara vya kijani, na kila kiduara ukikikata kinatoa vingine. Okidi ambayo zamani ungeigawa mara moja kwa mwaka ikawa inazaa maelfu. Kwa Phalaenopsis hatugusi ncha, kwa sababu ina moja tu na ukiikata umeua mama. Tunatumia vifundo vya bua la ua, ambavyo huwa vimelala na huamka vikipata homoni.

Viduara vikikatwa mara nyingi mno, huanza kutoa miche iliyopotoka: petali zimekunjamana, rangi imegawanyika. Maabara yenye tamaa huendelea kukata, na mnunuzi hulijua hilo miaka miwili baadaye ua linapofunguka. Uliza miche yako imekatwa mara ngapi tangu kwa mama. Ukijibiwa kwa kicheko, ondoka.

Je, hizi ni GMO?

Hapana. Hakuna kinachoingizwa kwenye vinasaba vyake. Ni uzazi uleule, umehamishiwa ndani ya chupa.

Miche ya chupa haina magonjwa, sivyo?

Haina ukungu wala bakteria wanaoonekana, la sivyo chupa ingekuwa imekwisha kuchafuka. Virusi ni jambo jingine, maana havioti kwenye jeli. Mmea wenye virusi vya mozaiki ya Cymbidium unaweza kukaa chupani umependeza, na ukikata vipande elfu umesambaza wagonjwa elfu. Ncha ndogo sana ya chipukizi mara nyingi huwa haijafikiwa na virusi, na hiyo ndiyo sababu iliyowapeleka watu kwenye ncha mwanzoni, lakini dhamana ni kumpima mama kabla ya kukata.

Itachukua muda gani hadi ichanue?

Phalaenopsis, kwa kawaida miaka mitatu hadi minne tangu kuchavusha. Cattleya mara nyingi mitano hadi saba. Anayekuahidi miezi sita anakuuzia mmea mkubwa alioununua kwingine.

Nimetoa miche kwenye chupa, imekufa yote. Nimekosea wapi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa uchungu zaidi. Naomba lieleweke: chupa ni nusu ya safari, na ni ile nusu rahisi. Mche wa chupani hajawahi kuona upepo. Ameishi kwenye unyevu mtupu, analishwa sukari, majani yake hayana nta ya kutosha na vinyweleo vya hewa havijui kujifunga. Ukimtoa mchana, ukamweka barazani, amekauka kabla ya jua kuzama.

Sisi hufanya hivi. Wiki moja au mbili kabla, tunazihamishia chupa kwenye chumba cha kawaida, karibu na dirisha lisilopigwa na jua. Siku yenyewe tunaitoa miche jioni, tunaiosha kwa maji ya uvuguvugu mpaka jeli yote iondoke kwenye mizizi. Yote kweli, hata ile ya katikati inayojificha, kwa sababu ina sukari na sukari nje ya chupa ni karamu ya ukungu. Tunachovya kwenye dawa ya ukungu iliyozimuliwa. Kisha tunaipanga kwa vikundi kwenye vipande vidogo vya makumbi ya nazi yaliyolowekwa siku kadhaa na kumwagwa maji mara nyingi ili chumvi itoke, tukachanganya na mkaa wa kupikia uliopondwa. Udongo, hapana. Ukiweka udongo umezika.

Trei inafunikwa na plastiki chini ya neti ya kivuli. Siku kumi za kwanza hatufunui ila kukagua. Baada ya hapo tunafunua kidogokidogo: dakika chache asubuhi, wiki inayofuata saa nzima, mpaka mwezi unapokwisha plastiki inaondoka. Mbolea tunaanza kuitoa jani jipya likionekana, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Watu wengi huua kwa maji, si kwa kiu. Gusa makumbi kwa kidole. Kama yana ubaridi, mwache.

Mnaweza kutuoteshea kikande tupande mashambani?

Wanaouliza hivi wengi ni wa Makete na Njombe, na wana haki ya kuuliza. Kwa asiyejua, kikande ni viazi vya okidi za ardhini, jamii za Disa, Satyrium na Habenaria, vinavyochimbwa kwenye nyanda za nyasi za kusini na kupelekwa Zambia, ambako husagwa na kupikwa na karanga kuwa chikanda. Biashara hiyo ilikuwa sehemu ya sababu za kuanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005, ile inayoitwa Bustani ya Mungu, yenye aina zipatazo 45 za okidi. Shida ni kwamba mmea una kiazi cha zamani kinachonyauka na kipya kimoja kinachochukua nafasi yake. Ukichimba kipya, mmea haupo mwakani.

Maabara inaweza nini? Mbegu hizi ni kaidi. Nyingi hutaka giza, na nyingi hukataa jeli yetu yenye dafu na kila kitu. Njia inayotoa matumaini ni kurudi kwa Bernard: unachukua kipande cha mzizi wa okidi hiyohiyo, unatoa kuvu yake, unaikuza juu ya aga yenye oti zilizosagwa, kisha unamwaga mbegu hapo, kuvu na mbegu wapatane wenyewe. Ikiota, mche unatakiwa kufanya kiazi, kulala kiangazi chote na kuamka na mvua. Kila hatua inapunguza idadi. Hadi kiazi kifikie ukubwa wa kuuzika ni miaka kadhaa, na mchimbaji anachimba kwa siku moja.

Kwa hiyo jibu langu kwa sasa: miche ya namna hii inafaa kurudishwa kwenye nyasi palipochimbwa, haifai kujaza magunia. Na ikirudishwa, iwe ya mbegu kutoka matunda ya mimea mingi. Kuna waliotuomba tuchukue mmea mmoja mzuri tuurudie maelfu tukaupande mlimani, nikakataa. Huko ni kupanda mmea mmoja mara maelfu. Ugonjwa ukimjua mmoja umewajua wote.

Nimekuta okidi ya madoa kwenye mti uliokatwa. Niwaletee?

Huenda ni Ansellia, okidi ya chui. Usiibebe kwanza. Okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini, na za porini zina taratibu za vibali hata zikiwa chini zimeanguka. Toa taarifa kwa ofisi ya misitu ya eneo lako. Kinachotufaa sisi mara nyingi ni tunda moja tu, lenye kibali. Ajabu ya sheria ni kwamba kwa aina zilizo kwenye orodha ya pili ya mkataba huo, miche iliyomo ndani ya chupa safi iliyofungwa husamehewa kibali cha CITES mpakani. Cheti cha afya ya mimea bado utadaiwa, na mamlaka ya afya ya mimea kwetu Tanzania ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS.

Vanila ni okidi pia?

Ndiyo, na ndiyo okidi inayolipa ada za shule kule Kagera na Uganda. Vile vidoti vyeusi kwenye aiskrimu ndizo mbegu zake. Lakini vanila huzalishwa kwa marando, rahisi mno, kwa hiyo maabara inafaa pale tu unapotaka shina safi la kuanzia.

Nipo mbali. Mnaweza kunitumia chupa kwa basi?

Tunatuma. Chupa zinasimamishwa kwenye katoni lenye vigawanyo, magazeti pembeni, mshale mkubwa wa juu. Mwambie kondakta aweke ndani, si kwenye buti juu ya injini. Tuma mtu akalipokee siku hiyohiyo, kwa sababu katoni likilala ofisini chini ya bati miche inachemka.

Ukifungua ukakuta jeli imepinduka na miche imelala chali ndani yake, usitikise kuirudisha. Chupa ambayo kifuniko hakijalegea inaweza kukaa hivyo siku mbili tatu bila shida. Iliyolegea isiwekwe kwenye rafu pamoja na nyingine. Itoe miche jioni hiyohiyo, maji ya uvuguvugu, makumbi, plastiki, kama nilivyoeleza juu.